Wanaotajwa Watoke Nje

Sindano hakuumbwa kukaa. Marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alitambaa siku chache tu, akaona anapoteza muda, akasimama. Sasa alikuwa mwanamke mtu mzima, mshonaji mwenye duka lake na diwani wa kata ya bondeni, na alikuwa ameambiwa akae kwenye benchi la koridoni, atulie, huku madiwani wenzake wakimjadili nyuma ya mlango uliofungwa.

Ndivyo ilivyosema kanuni ya halmashauri yao: anayetajwa kwa nafasi yoyote atoke nje, ili wenzake wamseme kwa mazuri au mabaya bila kumwonea haya. Ukiwa ndani, ni kanuni nzuri sana. Sindano mwenyewe aliwahi kuifaidi, maana jina lile la Sindano alipewa kwa ajili ya ulimi wake pia, si kushona peke yake. Lakini ukiwa nje, kila kicheko kinachopenya mlangoni unaona ni chako. Alisimama, akaenda hadi dirishani, akarudi, akakaa. Benchi likalia. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi, umewekewa kipande cha boksi kilichokunjwa, na mtu akijisogeza upande huu, wa upande wa pili alipanda au kushuka.

"Shemeji, tulia basi," alisema wa upande wa pili. "Unanirusha kama mtoto kwenye bembea."

Huyo alikuwa mume wa dada yake, naye alikuwa ametajwa pia. Diwani wa kata ya juu, muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa koti zito hata jua likiwaka. Watu wawili, kiti kimoja, familia moja! Madiwani wenzao walikuwa wamelicheka jambo hilo tangu asubuhi, na mmoja alishawaambia kwamba ndugu wakigombana, yeye anachukua jembe lake anakwenda kulima.

Kiti chenyewe kilikuwa cha tume ya mipango ya mkoa. Viti vingi vya tume hiyo mkuu wa mkoa huvijaza mwenyewe, kwa kalamu yake na kwa marafiki zake. Lakini kila wilaya ina kimoja, na hicho hujazwa na madiwani kwa kunyoosha mikono, kwa siku iliyopangwa. Siku ikipita bila jina, hicho nacho kinaangukia kwa mkuu wa mkoa. Siku yenyewe ilikuwa leo.

Na mwaka huu kiti hicho hakikuwa cha kwenda kunywea soda. Tume ndiyo itakayoipitisha ramani mpya ya mkoa au kuirudisha ikachorwe upya. Kwenye ramani hiyo bonde lote, kuanzia pampu ya maji mpaka shule ya msingi, lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, na maelezo ya pembeni yakasema kijivu ni maegesho ya malori na maghala. Sindano aliiona imebandikwa ofisi ya ardhi. Aliitafuta nyumba ya mama yake kwa kidole, akaikuta katikati ya kijivu, na duka lake karibu, na nyumba za wateja wake wote waliomzunguka. Tangu siku hiyo akili yake haikutulia. Alikuwa akikata kitambaa anasahau anamkatia nani.

Kila mtu alijua malori ni ya nani. Ni ya Kontrakta, yule bwana mwenye simu mbili na salamu za haraka, ambaye mkuu wa mkoa alikwisha kumpa kiti cha wafanyabiashara kwenye tume hiyo hiyo. Sasa zilihitajika kura za kumpinga, na Sindano alitaka moja ya kura hizo iwe yake. Hakutaka kitu kingine duniani.

Simu yake ikaita. Dada. Kabla hajaipokea ikakatika, ikaita ya shemeji. Akaipokea, akaiweka sauti juu.

"Mmepata?" dada aliuliza.

"Bado, mke wangu. Tuko nje wote wawili."

"Msipigane huko. Atakayeshinda aje ale kwangu, na atakayeshindwa aje aoshe vyombo."

Akakata. Dada yake ndivyo alivyokuwa, hachukui upande, na hilo lilimkera Sindano kuliko kama angechukua wa mumewe. Mtu asiyechukua upande hujui umdai nini wala umshukuru kwa lipi. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mkubwa aliolewa akapanda kata ya juu, mdogo akabaki bondeni na mama mpaka alipomfumba macho. Nyumba haikugawiwa. Hakuna aliyesema tugawe, hakuna aliyesema tusigawe. Matanga yaliisha, kila mtu akashika lake, na Sindano akabaki na ufunguo. Ilikuwa desturi ya nyumbani kwao kwamba jambo likiwa zito halitajwi, huzungukwa tu kama fanicha, na kwa miaka yote hiyo dada mtu na mdogo mtu walikuwa wameizunguka nyumba ile vizuri kabisa.

Macho yake yakaangukia koti la shemeji. Kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Kaa sawa," alisema. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wa blauzi yake, mahali anapoiweka siku zote, akaanza kukishona kifungo mwenye koti akiwa ndani ya koti.

"Utanichoma."

"Ukitulia sikuchomi. Niambie, unakitakia nini kile kiti?"

"Ninakitakia maendeleo."

"Acha hotuba, tuko koridoni."

Shemeji akakohoa. "Malori yataleta kazi. Wale vijana wanaoshinda pale kona—"

"Malori hayaajiri mtu, yanalala. Na yakilala yanavuja mafuta. Mlinzi mmoja getini na mbwa wake, hiyo ndiyo kazi." Akauvuta uzi kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Sasa niambie kweli."

Ndani kikapita kicheko kingine, na wote wawili wakageuza shingo mlangoni kwa pamoja.

"Nimegombea uenyekiti wa halmashauri mara ngapi?" mzee alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kila mara wananiita mzee wa busara. Mzee wa busara aanze kusema, mzee wa busara atufungie kikao kwa sala. Halafu kura zinakwenda kwa mwingine. Shemeji, nimechoka na busara. Nataka mara moja tu mtu anichague."

Sindano alijua mtu anavyojisikia akisubiri kuchaguliwa. Akakata uzi kwa meno.

Mlango ukafunguka akatoka Karani wa baraza, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akaufunga nyuma yake polepole kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Mambo yameharibika," alisema. "Wale madiwani watatu wa kata za barabarani walitoka kunywa chai. Hawajarudi."

"Chai gani haiishi?" Sindano aliuliza.

"Chai ya mtu, mama. Hujui chai ya mtu ilivyo tamu?" Karani akavua miwani. "Sasa ninyi mkiwa nje hamhesabiwi. Bila wale watatu na bila ninyi wawili, akidi haitoshi. Tumepungukiwa na mtu mmoja, na bila akidi hakuna kura. Afisa wa mkoa amekaa humo ndani na mkoba magotini. Mwenyekiti akiahirisha kikao tu, anaondoka na kiti chenu."

Sindano akaona jinsi mtego ulivyotegwa, na damu ikampanda. Kontrakta hakuhitaji kumnunua mtu apige kura. Alijua kanuni yao, ile waliyokuwa wakijivunia mbele ya wilaya nyingine, kwamba wanaotajwa hutoka wenyewe. Alichofanya ni kuwatoa wengine watatu tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe waliishona wao.

"Tukirudi wote wawili?" shemeji aliuliza.

"Anayerudi amejitoa, na mkirudi wote mtakuwa mmejitoa wote wawili. Hakuna jina. Akirudi mmoja, akidi imetimia na jina limebaki moja." Karani akawatazama kwa zamu. "Amueni upesi. Na kabla hamjaamua, mjue kiapo cha tume kinafanana na kanuni yetu. Mahali pakijadiliwa, mwenye nyumba, biashara au maslahi yoyote pale anatoka nje. Yeye mwenyewe, mwenzi wake au mtoto wake. Bonde likifika mezani, mama, hata ukiwa mjumbe utakuwa hapa hapa, kwenye benchi hili."

Sindano akahisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mwezi mzima watu wa bondeni walikuwa wamempigania apate kiti kwa sababu ana la kupoteza, na kumbe anayepoteza ndiye asiyepiga kura! Hakuna hata mmoja wao aliyefikiria hivyo. Walikuwa wamefikiria kwa machungu, na kwa machungu ilikuwa sawa kabisa.

"Na wewe mzee?" Karani alimgeukia shemeji. "Una chochote bondeni? Au mkeo?"

Shemeji akafungua mdomo. Sindano akamtangulia.

"Hana. Hana hata kigingi. Nyumba ya mama ni yangu."

Aliyasema haraka, na yalipotoka yalisikika makubwa kuliko alivyotaka. Shemeji alikitazama kifungo chake kilichoshonwa. Hakukubali, hakukana. Karani akavaa miwani yake, akarudi ndani.

Kisha shemeji akasema, "Umesema nyumba ni yako."

"Nimesema."

"Dada yako hajawahi kunitajia nyumba ile. Lakini nikitaja bonde, hugeukia ukutani."

"Shemeji, hapa tunazungumzia kiti." Sindano alikuwa amesimama tena, akatembea, akarudi, akakaa. Hasira yake haikujua pa kutua: kwa Kontrakta, kwa kanuni, kwa huyu mzee aliyekaa na koti lake, au kwake mwenyewe. "Nisikilize. Nitaingia. Nitakunyooshea mkono. Lakini siku ya bonde hutatoka kwenye kile chumba. Wakikutisha, wakikuita chai, wakikuita uone mgonjwa, hutatoka. Niahidi."

"Sitatoka."

"Na kura?"

"Kura siwezi kukuahidi," alisema mzee. "Nikikuahidi wewe leo, kesho nitamwahidi mwingine."

Angemchoma kwa ile sindano, Mungu ashahidi. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akairudisha sindano ukosini, akainuka, akanyoosha sketi yake, akaingia, na nyuma yake benchi likainuka upande wake na shemeji nusura adondoke.

Ndani alisema neno moja tu: najitoa. Waliomtaja walimkodolea macho kama amewavua nguo hadharani. Mwenyekiti hakupoteza muda, akaita kura, na mkono wa Sindano ukawa wa kwanza kupanda. Ulipanda kwa shida. Afisa wa mkoa akafungua mkoba, akaandika jina, akaufunga, na usoni alionekana kama mtu aliyekosa chakula alichoahidiwa.

Watu wa bondeni hawakusubiri maelezo. Walimngoja pale pampuni.

"Umetuuza kwa shemeji yako," alisema jirani mmoja, mwenye mashine ya kusaga. "Mlikubaliana nini huko koridoni? Mtagawana maghala?"

Alijaribu kuwaeleza kiapo, mwenye nyumba anatoka nje, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama hila ya wakubwa. Akaacha. Wiki zilizofuata alishona suruali yenye mguu mmoja mrefu, akaifumua, akaishona tena vile vile. Wateja walipungua. Wale waliobaki walivaa nguo zao mpya kimya, wakalipa kimya, na mtu asiyeshtakiwa kwa maneno hana hata pa kujitetea.

Siku moja shemeji aliteremka bondeni peke yake, na koti lake. Sindano alimwona kwa mbali anazunguka, anasimama pampuni, anaongea na mwenye mashine, anachungulia uwanja wa shule. Mwisho akaja kukaa dukani, akaomba maji. Halafu akaomba kuiona nyumba. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kilichojaa magunia ya vipande vya vitambaa mpaka dirishani, na chini ya magunia ncha ya kitanda cha mbao ilikuwa inaonekana.

"Hiki hakikuwa chumba cha dada yako?"

"Ni stoo sasa," alisema Sindano.

Mzee akatikisa kichwa, akaaga, akapanda kilima. Hakusema ameona nini bondeni, na Sindano hakumuuliza, kwa kuwa angeuliza la bonde angeulizwa la chumba.

Tume ya mkoa haikai mahali pamoja, huzunguka wilaya hadi wilaya, na zamu ya ramani yao ilipofika ilikaa kwenye ukumbi ule ule wa halmashauri. Asubuhi wananchi waliruhusiwa kusema. Sindano alisema, mwenye mashine alisema, mwalimu wa shule alisema mpaka akakaukiwa na mate. Kisha wakaombwa wapishe, wajumbe wapige kura. Watu wa bondeni wakajaa uani, chini ya madirisha. Sindano akaenda kwenye benchi lake.

Karani alikuwa amemnong'oneza hali ilivyo. Tume iligawanyika nusu kwa nusu, na shemeji yuko katikati, hajasema. Kwa hiyo bonde zima, pampu, shule, cherehani, kaburi la mama yake nyuma ya nyumba, vyote vilikuwa ndani ya koti la mzee mmoja aliyechoka kuitwa wa busara. Alikunja vidole, akavikunjua. Alihesabu vigae vya sakafu akapotea, akaanza upya. Asitoke tu, aliomba. Asipige hata kura nzuri, lakini asitoke.

Mlango ukafunguka. Akatoka shemeji.

Alikuja akakaa kwenye ncha yake ya benchi, na ncha ya Sindano ikapanda.

"Uliniahidi," Sindano alisema. "Uliniahidi mbele ya Mungu kwenye benchi hili hili. Umeogopa nini? Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Nimetangaza maslahi yangu."

"Maslahi gani? Wewe bondeni una nini?"

"Nimesema nyumba ya marehemu mama mkwe haijagawiwa, na nusu ni ya mke wangu. Nimeomba iandikwe."

Mwanzo Sindano hakuelewa. Kisha akaelewa. Alikuwa amemlinda asijulikane ana kitu bondeni, na mzee amekwenda kukitaja mwenyewe, bila kuulizwa, kwa mdomo wake. Mwezi mzima wa matusi ya pampuni, na kura yake aliyompa, na usingizi wote ule! "Kwa hiyo," alisema, akijizuia asipige kelele, "kwa siku moja umeninyang'anya bonde na umenigawia nyumba. Hongera, shemeji. Leo umefanya kazi kweli."

"Ngoja," alisema mzee.

"Ningoje nini? Wewe ndiwe uliyetakiwa kungoja, humo ndani!"

"Ngoja, tafadhali."

Mlango ukafunguka tena. Akatoka Kontrakta. Alikuwa ameshika simu zake zote mbili mkono mmoja na miwani ya jua mkono mwingine, na salamu yake ya haraka haikutoka. Aliangalia korido huku na huku akitafuta kiti kingine. Hakikuwepo. Akaja akakaa katikati yao, kwa nusu ya makalio, na kwa mara ya kwanza tangu liletwe pale, benchi lile likatulia.

Shemeji aliinama mbele, akasema na Sindano kwa kumpitia Kontrakta kana kwamba ni ukuta wa jirani. "Nilipotaja ya mke wangu, mwenyekiti wa tume akalazimika kukisoma kiapo kwa sauti. Yeye mwenyewe, mwenzi wake au mtoto wake. Akauliza kama yuko mwingine mwenye maslahi kwa mwenzi wake. Watu wote wakamtazama bwana huyu. Kampuni ya malori ina jina la mkewe, nani asiyejua? Wanajua siku zote. Hapakuwa na wa kuanza tu."

Kontrakta akakohoa.

"Uliniambia nisitoke," shemeji akamalizia. "Nimetoka. Lakini tazama nimetoka na nani."

Sindano alimtazama Kontrakta, jasho la juu ya mdomo, viatu vinavyong'aa, akamtazama mzee, na kicheko kikamjia kwa nguvu mpaka akajiziba mdomo kwa ncha ya shali. Nusu kwa nusu ilikuwa ni pamoja na huyu. Sasa nusu yao imepungukiwa na mtu. Ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na yeye, mtu wa kupima viuno vya watu maisha yake yote, hakuipata. Kicheko kilipoisha hofu ikarudi, kwa sababu mtu anayejua hesabu bado anaweza kusalitiwa na mtu. Wakakaa hivyo, watatu.

Karani alipotoka hakufunga mlango. "Imerudishwa," alisema. "Bonde linabaki makazi, maegesho yatafutiwe pengine. Kwa kura moja." Kisha akajisahau kwamba ni karani, akapiga makofi.

Habari zikapita dirishani na vigelegele vikapasuka uani. Kontrakta akasimama ghafla, akaondoka bila kuaga, na benchi likarudia kilema chake. Shemeji akajishika ukutani. Alikuwa anatabasamu peke yake, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Ungepiga kura gani?" Sindano alimuuliza. "Kama ungebaki."

"Nilikwenda bondeni nikaona," alisema mzee. "Ningelipigia bonde. Lakini kesho yake wangeitaja nyumba niliyoificha, na kura ingefutwa. Tungerudi pale pale, na mwenyekiti ni mtu wa mkuu wa mkoa."

Simu ya Sindano ikaita. Safari hii haikukatika.

"Dada," alisema, "tumeshinda! Bonde limebaki!"

"Nimesikia. Nimesikia pia nina nyumba."

Vigelegele vilikuwa vinakuja vinakwenda. Sindano akageukia ukutani, akaziba sikio la pili. "Nani amekuambia?"

"Mume wangu. Jana aliniomba ruhusa kabla hajaitaja. Nikamwambia aanze kukuuliza wewe, kwa kuwa unayekaa kwenye nyumba ni wewe. Akaniambia umeshaulizwa, na umeshajibu, koridoni."

Ule ulimi uliompa jina, Sindano aliutafuta kila mahali, hakuuona. Alifikiria kusema ilikuwa kwa ajili ya bonde. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote, na dada yake angejua ni sehemu gani iliyobaki. Alikiona kile chumba, na ncha ya kitanda chini ya magunia. Aibu ilimshuka mwilini mpaka miguuni, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yake haikutaka kwenda popote.

"Dada," alisema.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao. Uko mmoja tu."

"Basi kachongeshe mwingine," alisema dada yake, akakata simu.

Alipotoka uani walimwinua juu, yule yule mwenye mashine akiwa wa kwanza kumshika mguu, wakaanza kumzungusha kwa nyimbo. Sindano alikuwa ameushika ufunguo wa mama yake kiganjani, akiinama huku na huku juu ya vichwa vya watu, akimuuliza kila aliyemfikia kama fundi wa funguo bado hajafunga.